Neno la Kuondokea

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuondoka. Watu walikuwa wanakuja tu. Mama mwenye nyumba akijifunga kitambaa kichwani kwenda kazini alisema, "Haya, nakuja." Mjomba aliyepita kunywa chai, akinyanyuka kurudi kwake mwisho wa mji, alisema nakuja. Hata fundi bomba aliyefungua sinki akaliacha linavuja alisema, "Nakuja, mama, nafuata spana," na mpaka leo anakuja. Kila mtu analijua neno hilo. Mtu amekupa mgongo, mguu mmoja uko nje, na mdomo unasema nakuja, wala hakuna anayeshangaa. Ila familia ile ililifanya sheria. "Naenda" kwao ilikuwa ni kujitakia mabaya, na "kwaheri" ilikuwa ya makaburini.

Aliyeitunga sheria hiyo ni bibi, enzi hizo bado hajawa bibi wa mtu, mwanamke kijana aliyepiga pasi kwenye duka la dobi. Alikuwa na binti mmoja tu. Zamu yake ilianza mchana, kwa hiyo binti akitoka shule alimkuta mama yake amesimama mlangoni na viatu mkononi, akimngoja wapishane. "Chakula kimefunikwa. Funga mlango. Nakuja." Basi, imetoka hiyo. Binti alipanda kiti cha dirishani akautazama mgongo wa mama yake ukishuka na mtaa, ukipita kwa fundi baiskeli, ukipotelea kwenye kona ya kinyozi. Halafu alicheza, akala, akasinzia na sare za shule mwilini, na giza lilipoingia akasikia ufunguo. Mama aliingia na harufu yake ya sabuni na nguo zilizotoka kwenye pasi, akatupa viatu pembeni, akasema, "Si nilikwambia nakuja?"

Hakukosa hata siku moja. Wengine hukulia kwenye mashamba na magari, binti yule alikulia kwenye neno lililosemwa mchana likatimia usiku, na akajiona tajiri. Ukubwani, kila alipopita nje ya duka la dobi na ule mvuke ukampata puani, alipunguza mwendo bila kujua, na watu waliokuwa nyuma yake wakamkanyaga visigino. Aliomba radhi yeye.

Binti huyo sasa ni mama wa mtu. Ni fundi wa miwani, kazi yake ni kuchonga lenzi mpaka zikae sawasawa kwenye fremu. Mume wake anaendesha malori ya safari ndefu, na kila anapokata simu husema nakuja, akafika siku anayofika. Mtoto wao ni mmoja, wa kike, na bibi ndiye aliyembandika jina la Karani. Tangu alipojua kusimama, mtoto huyo alijiajiri mlangoni. Hukutoka bila kuhojiwa. "Wapi? Kufanya nini? Na nani?" Ukirudi alikukagua mikono yote miwili. "Huyu ni karani," bibi alisema, "bado mshahara tu." Jina likanata, na mama yake akawa Mama Karani mtaa mzima.

Bibi alistaafu pasi akaanza kulea. Karani alishinda naye kutwa, wakikunja nguo za watu wa nyumbani: bibi anakunja shuka, Karani anakunja leso, na leso moja ikikaa upande bibi aliifungua yote akamrudishia bila neno. Mama Karani alikuwa akirudi jioni anawakuta wamekaa katikati ya marundo, wote wawili wamekunja nyuso, mzee na mtoto, na alikuwa akisimama kidogo pale mlangoni kabla hawajamwona. Leo angetoa chochote kusimama pale tena, hata kwa muda wa kuvua viatu.

Mvua zilipoanza, bibi aliugua tumbo. Asubuhi ya upasuaji, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika binti yake kidole. "Usinisimamie hapo kama nguzo ya umeme," alisema. "Kanywe chai. Nakuja."

Hakuja.

Siku za msiba Karani alipelekwa kwa jirani. Aliporudishwa, kitanda cha bibi kilikuwa kimetandikwa. Alikagua chumba, akakagua choo, akaja kumsimamia mama yake. "Bibi yuko wapi?" Mama Karani alifungua mdomo kusema lililopaswa kusemwa, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka. "Anakuja." Mjomba akatazama kikombe chake. Baba, aliyekuwa amefika kwa mazishi, akasema, "Ee, anakuja." Watu wazima wote wakaunga mkono, wakashusha pumzi kama waliotua mzigo. Waliyemtwika ni mtoto. Alikwenda kukaa mlangoni.

Basi ikawa kila siku Mama Karani anakwenda kazini na mtoto. Karani alikaa chini ya meza ya ufundi akipanga skrubu mbovu, ndogo kwa ndogo, huku unga wa lenzi ukimdondokea nyweleni. Mwenye duka alikuwa mtu wa watu, ila si wa watoto. Mwanzo alicheka, baadaye akakohoa kila anapopita, na mwishowe akasema wazi: mwezi ukiisha, ama mtoto awe na pa kushinda, ama amtafute fundi mwingine. Mteja mmoja, mwanamke wa makamo aliyeleta miwani yenye mkono uliolegea, ndiye aliyeinama akachungulia chini ya meza. Alitazama kwa muda. "Hii ni kazi nzuri," alimwambia Karani, na hakumshika shavu kama wafanyavyo watu. Alikuwa mwalimu wa chekechea ya Montessori mtaa wa pili. Nafasi moja ilikuwapo.

Mama Karani alikwenda kuandikisha akitarajia makelele na wanyama waliochorwa ukutani. Alikuta chumba kimetulia kama benki. Rafu zilikuwa za kimo cha mtoto, na juu yake kila kitu kilikuwa kidogo lakini cha kweli: jagi dogo la kioo, ufagio mfupi, pasi ya nguo nusu ya kiganja ila haichomi, kikapu cha vitambaa. Mtoto alichagua kitu, akatandika mkeka wake, akakifanya mpaka mwisho, akakirudisha alipokitoa ndipo akachukua kingine. Hawakuita michezo, waliita kazi. Kuna mtoto alikuwa amemwaga maji, na hakuna aliyemkimbilia. Aliyafuta mwenyewe, kwa starehe zake, akafuta hata sehemu ya sakafu iliyokuwa kavu.

"Ombi langu kwa wazazi ni moja," Mwalimu alisema. "Usimtoroke. Usimvizie ameinama ukapotea. Muage mbele ya macho yake, kwa kifupi, uende."

"Nitamuaga, Mwalimu," alisema Mama Karani, na moyoni hakudanganya. Kwao kuaga kulikuwa na neno moja.

Siku za kwanza alikaa naye, magoti yamegusa kidevu kwenye kiti cha watoto. Kisha ikafika siku ya kumwacha. Alichuchumaa, akamweka sawa kola, akasema, "Haya mwanangu, nakuja." Karani akaitikia kwa kichwa. Mama akatoka akiwa amepiga moyo konde, masikio nyuma, anangoja kilio. Hakikuja kilio. Alikwenda kazini, akachonga lenzi huku anaimba.

Watoto wengine walilia. Kulikuwa na mmoja, wenziwe walimwita Honi, ambaye mtaa mzima ulijua saa ya shule kwa sauti yake. Lakini Honi alilia siku chache, akachoka, na siku moja alionekana anasugua meza kwa sabuni kama aliyekodishwa. Karani hakulia. Mlangoni, ndani, palikuwa na benchi la kuvulia viatu. Alikaa hapo. Viatu miguuni, begi mgongoni, mikono magotini.

Mwalimu alimwendea. "Ungependa kumimina maji?"

"Hapana, asante. Mama anakuja."

Kesho yake: "Kuna vitambaa vya kukunja."

Karani alikitazama kikapu, na vidole vyake vikakunja hewa, pembe kwa pembe. "Asante, Mwalimu. Mama anakuja."

Alikubali kula mezani, begi likiwa mgongoni. Usingizi wa mchana aliulala kwenye benchi, ameketi. Alikuwa na adabu mpaka mtu akaumia. Na Mama Karani akija kumchukua alimkuta pale pale, tayari, akajipongeza kwa kuzaa mtoto mwepesi.

Wiki ya pili ilipokuwa inakatika, Mwalimu alimwomba abaki kidogo. Karani alikuwa nje anakagua milango ya geti. Mwalimu alikaa sakafuni, na Mama Karani, asijue afanye nini, akakaa pia.

"Leo nimemuuliza kwa nini hachagui kazi," Mwalimu alisema. "Amenieleza bila kupepesa macho. Amesema, mama anakuja sasa hivi. Nikishusha kazi atanikuta sijamaliza, na hapa mtu harudishi kazi nusu."

Mama Karani alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Unapoondoka unamwambia nini?"

"Namwambia nakuja."

"Wakati unaenda."

"Si ndivyo watu wanavyosema? Wewe husemi?"

"Nasema. Jana nimemwambia mume wangu nakuja, nikaenda sokoni, nikapitia kwa dada yangu, nikarudi jua limezama. Lakini mume wangu hakunisubiri na begi mgongoni." Mwalimu alisubiri kicheko kipite. "Kuna lingine. Amesema bibi naye anakuja, ila yeye anachelewa kuliko wewe. Bibi yuko wapi, Mama Karani?"

Nje, Karani alikuwa anafunga geti na kulifungua. Mama yake aliusikiliza mlio wa komeo. "Alifariki," alisema. "Mvua zilipoanza. Ni mama yangu mimi."

Mwalimu alivua miwani yake. "Pole. Pole sana, dada. Mtoto anajua?"

"Ni mdogo mno."

"Anajua kusubiri."

Hapo Mama Karani alipandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeguswa kwenye kidonda na aliyekuja kumhudumia. "Mwalimu, nimeleta mtoto ajifunze kumimina maji. Ya nyumbani kwangu niachie mwenyewe."

"Nakuachia," Mwalimu alisema bila kupandisha sauti. "Ila siwezi kumweka mtoto benchi. Angekuwa anasumbua ningevumilia, watoto wanasumbua. Huyu hasumbui hata kidogo, anakaa tu, na mimi namwona. Ikifika Ijumaa yuko pale pale, mchukue, akae nyumbani kwanza. Tutajaribu tena mwakani."

Nyumbani kwenyewe kulikuwa na nani? Mama Karani aliuliza hivyo njiani kimoyomoyo, mtoto akiwa amemshika mkono. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kuwaonyesha vijana wa pembeni namna mashine inavyowashwa.

Jioni, Karani akiwa anaoga kwenye beseni na kuimba, mama alipiga pasi gauni lake la kesho. Mvuke ukapanda. Alisimama na pasi mkononi na miaka yote ikaingia jikoni: dirisha, kona ya kinyozi, ufunguo, viatu vikitupwa pembeni. Alijisemea kwamba atakapomaliza kola atamwambia mtoto. Alimaliza kola. Akasema akimaliza mikono. Alipiga pasi mpaka mfuko wa ndani ambao hakuna anayeuona, kisha akazima, akamfuta mtoto, akamlisha, akamlaza, na hakusema.

Akaenda kufunga mlango. Mlango ule una kitasa cha ufunguo, na juu una komeo ambalo mtu wa nje hawezi kulifungua hata awe na funguo za nchi nzima. Mama Karani alizungusha ufunguo, akageuka, na mara akasimama. Tangu msiba hakuwa amelifunga lile komeo. Alikuwa mwoga wa wezi kuliko watu wote mtaani, lakini usiku baada ya usiku aliliacha komeo wazi, na hakuwahi kujiuliza ni kwa ajili ya nani. Bibi alikuwa na ufunguo wake.

Aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Alimkasirikia mama yake kwa mara ya kwanza. Angesema chochote kingine pale kwenye kitanda cha magurudumu. Angesema kaa salama, mtunze mtoto, hata angenyamaza. Halafu hasira ikamtoka yote kwa mpigo, kwa sababu alijua mama yake asingeweza. Alisema alichokuwa nacho. Alikuwa amemuaga binti yake kwa maneno hayo hayo maisha yote, na mara ile moja tu ndiyo hakumudu kutimiza.

Komeo hakulifunga. Alishindwa.

Asubuhi iliyofuata alifika chekechea mapema. Honi alikuwa ameshaanza kusugua. Karani alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lake, akakaa, mikono magotini. Mama yake hakuchuchumaa. Alikaa pale benchini, pembeni yake, na benchi likalia.

"Karani."

"Ee, mama."

"Bibi hatakuja."

Karani alifikiri. "Anachelewa tu."

"Hachelewi. Bibi alikufa, mwanangu. Aliumwa tumbo, madaktari wakamtibu, wakashindwa, akafa. Mtu akifa haji tena. Nilikwambia anakuja kwa sababu niliogopa kukwambia."

"Lakini mwenyewe alisema?"

"Alisema. Na alitaka. Hakuweza."

Mtoto alitazama mlango, akaitazama mikono yake. Sauti yake ikawa ndogo. "Hata nikimsubiri hapa?"

"Hata ukimsubiri hapa."

"Nikikaa vizuri?"

"Unakaa vizuri sana. Sijaona mtu anakaa vizuri kama wewe." Mama Karani aliishika pembe ya benchi. "Lakini hatakuja."

Hapo ndipo Karani alipolia. Kilikuwa kilio cha wiki mbili na cha mvua zote zile, kichwa kimerudi nyuma na mdomo wazi, mpaka Honi aliacha kusugua akamtazama kwa heshima. Hakuna aliyemnyamazisha. Mwalimu alikuja akakaa sakafuni mbele yao, akaweka kiganja kwenye kiatu cha mtoto, akakiacha hapo. Mama alimkumbatia mtoto na begi lake, na begi likawa linamchoma kifuani, na hakulisogeza.

Kilio kilipoanza kukatikakatika, Karani alijifuta pua kwa mkono wa gauni, ule uliopigwa pasi kwa uangalifu. "Na wewe?" aliuliza.

Mama Karani alimgeukia. Kwenye ukoo wao hakukuwa na mtu aliyewahi kulitamka lile neno mlangoni. "Mimi naenda," alisema. "Naenda dukani kutengeneza miwani. Nyinyi mtafanya kazi, mtakula, mtalala. Mkishaamka, nitakuwa nimesimama pale."

Karani alimkagua. Alianza na mikono, akageuza kiganja kimoja, akageuza cha pili, akapanda mpaka usoni, akakaa hapo muda mrefu.

"Utarudi," aliuliza, "au unakuja?"

Mwalimu alitazama pembeni.

"Nitarudi," alisema mama yake.

Karani alitelemka kwenye benchi. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga. Begi lilimsumbua kidogo begani, mama akanyoosha mkono kumsaidia, Mwalimu akatikisa kichwa, na mkono ukarudi. Mtoto alilitoa mwenyewe, akalitundika kwenye msumari wenye alama yake, akaenda kutandika mkeka. Hakugeuka nyuma.

Mama Karani alitoka. Alivuka geti, akashika njia ya dukani, akatembea vizuri kabisa mpaka kwenye ukuta wa kiwanda ambapo hapapiti watu asubuhi. Hapo akasimama. Aliegemea ukuta akalia kwa sauti, kitambaa mdomoni, kama mtu aliyepewa taarifa asubuhi ile ile kwamba mama yake amekufa. Na kwa kweli, ndiyo kwanza alikuwa amepewa.